Kikundi: Wajukuu wa Bi Mwanaisha, Wete

Ami Haji 13:05
Assalaam alaykum. Hassan anaendeleaje leo?

Mama Mapacha 13:09
Waalaykum salaam ami. Alhamdulillahi, kanywa uji, kaulizia mpira wake. Asubuhi sukari ilikuwa 9. Siku ile tunamuingiza hospitali mashine ilishindwa hata kuisoma.

Shangazi Mkasi 13:14
Mashaallah. Lakini nitasema, na mnisamehe. Ile halua ya harusi ya Maryam hawa watoto walikaa nayo sinia zima. Na kila asubuhi boflo na chai ya sukari tele. Mtoto wa miaka saba kisukari kakitoa wapi?

Mama Mapacha 13:15
😔

Da Zuhura 13:21
Shikamoo shangazi. Hussein hakula halua?

Shangazi Mkasi 13:22
Marahaba. Kula alikula, tena yeye ndo mlafi.

Da Zuhura 13:26
Basi. Yai moja, kitanda kimoja, sinia moja. Mmoja kaugua, mwengine yuko juu ya muembe. Ingekuwa halua, tungewalaza wote wawili.
Kisukari cha Hassan ni aina ya kwanza. Kinga ya mwili wake yenyewe imeziandama seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, ikaziua. Utamu hauanzishi jambo hilo. Soda na unene ni habari ya aina ya pili, na siku hizi hiyo nayo inapata watoto, lakini Hassan mbavu zake mnazihesabu.

Suleiman Muscat 13:30
↪ Imesambazwa mara nyingi
*WAZAZI AMKENI!! CHANJO NDIZO ZINAZOLETA KISUKARI KWA WATOTO, TUMA KWA WATU 10*

Da Zuhura 13:31
Suleiman, futa. Limechunguzwa sana hilo, chanjo hazikuonekana kukileta.

Suleiman Muscat 13:33
Nimefuta dada. Nimeletewa na mimi nikaleta.

Ami Haji 13:40
Sasa Zuhura, wa yai moja, mbona mmoja tu?

Da Zuhura 13:52
Ami, hapo ndo penyewe. Pacha wa yai moja akipata, mwenzake si lazima apate. Urithi unatega mtego, lakini kuna kitu cha nje kinachoufyatua. Finland ndo inaongoza dunia nzima kwa kisukari hiki cha watoto. Ukivuka mpaka tu, Karelia ya Urusi, watu wa asili inayokaribiana sana, watoto wanaougua ni wachache kwa kiasi ya mara sita. Damu haikubadilika pale mpakani, maisha ndo yamebadilika.

Ami Haji 13:55
Itakuwa jua. Huko baridi tupu.

Da Zuhura 14:01
Jua wamelifikiria. Finland watoto waliozaliwa 1966 walifuatiliwa miaka mingi, na katika walokuwa wakipewa sawasawa matone ya vitamini D, ile mwili unayoitengeneza kwa jua, waliougua walikuwa wachache zaidi. Lakini jua la Karelia si hilo hilo? Na Wete tuna jua la kuuza, Hassan kaugua. Jua peke yake halitoshi.

Mama Mapacha 14:20
Da Zuhura naomba nikuulize hapa hapa wote wasikie. Maziwa yangu hayakuwatosha wawili. Hassan ndo nilompa ya kopo zaidi. Kila usiku nalala na hilo.

Da Zuhura 14:34
Mdogo wangu, lala usingizi. Maziwa ya ng'ombe yalishukiwa miaka na miaka, mpaka wakayafanyia jaribio. Watoto 2,159, nchi 15, wote wana mzazi au ndugu mwenye kisukari hiki. Nusu walipewa kopo la kawaida, nusu kopo ambalo protini yake imevunjwavunjwa. Majibu yalitoka 2018: hakuna tofauti. Hukumpa ugonjwa.
Kinachoshukiwa zaidi sasa ni virusi vya tumbo, jamii ya enterovirusi, hasa vikimganda mtoto muda mrefu badala ya kupita. Na ule uharibifu huanza miezi au miaka kabla ya dalili. Kwa hiyo usianze kuhesabu homa gani ya mwaka gani, hutoipata.

Shangazi Mkasi 14:41
Mimi sikumlaumu mtu.

Ami Haji 14:41
Mkasi 😂

Shangazi Mkasi 14:47
Maalim kaniandikia kombe la zafarani, nalileta alasiri. Nasikia na sindano zinachosha mwili, apumzishwe kidogo.

Da Zuhura 14:48
Kombe anywe shangazi, ni Qur'ani. Sindano hata siku moja asiache. HATA MOJA. Kongosho lake halitoi tena insulini, akikosa anarudi kule kule: kutapika, kuhema mbio, pumzi inanukia kama tunda lililoiva mno.

Mama Mapacha 14:52
Walah ndo alivyokuwa. Na kituo cha kwanza wakatwambia malaria. Sisimizi walijaa chooni wiki nzima, kumbe wanafuata sukari ya mkojo wake, mimi nachukua ufagio tu nafagia.

Ami Haji 15:03
Jana umeme ulikatika mpaka usiku. Hizo dawa zinakaaje?

Da Zuhura 15:10
Friji inapokuwa haina umeme usiifungue ovyo. Au mtungi wa udongo, uwe na unyevu, uwekwe kivulini penye upepo, chupa ndani ya mfuko usioingia maji. Chupa ilofunguliwa inatumika wiki nne hivi, pasiwe na joto kali. Ila msiitie kwenye friza. Ikiganda ni ya kutupa.

Ami Haji 15:12
Mtungi wa marehemu mama upo kwangu. Nauleta.

Mama Mapacha 21:38
Da Zuhura uko macho? Hussein kaamka kunywa maji mara mbili.

Da Zuhura 21:39
Mpime. Mashine ya Hassan, sindano mpya, anawe mikono kwanza.

Ami Haji 21:41
Ya Rabbi.

Mama Mapacha 21:46
5.8

Da Zuhura 21:46
Alhamdulillah. Hiyo nzuri. Alikula nini jioni?

Mama Mapacha 21:47
Muhogo na ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi.

Suleiman Muscat 21:47
😂😂😂 ng'onda!

Shangazi Mkasi 21:50
Mimi ndo nilompa. Vipande vitatu.