Damu ya utafiti wa Alzheimer ikikwama feri Likoni: bado inafaa?

Mtafiti_Mtongwe: Salaam alaikum wanajukwaa. Tunalinganisha wazee wenye Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu) na wa rika lao wasio nayo. Tunapima kwenye damu protini zinazohusishwa na ugonjwa huu: amiloidi-beta, za aina ya 42 na 40, pamoja na p-tau217 (protini ya tau yenye fosfeti). Maabara iko kisiwani Mombasa, ng'ambo ya Likoni, na foleni ya feri ikizidi damu hufika baada ya saa tatu. Je, majibu yatakuwa na maana? Na tukikuta tofauti, tuseme amiloidi ndiyo chanzo?

Fundi_Plazma: Waalaikum salaam. p-tau217 ni mvumilivu. Wasiwasi ni amiloidi: damu ikikaa bila kuzungushwa kwenye sentrifyuji (mashine ya kutenganisha plazma, yaani maji ya damu, na seli), 42 na 40 zote hushuka. Na lile "joto la chumba" la kwenye miongozo si la Mombasa mwezi wa Machi.

Tumia tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), ile ya kifuniko cha zambarau. Ijaze hadi alama, uipindue polepole mara 5 hadi 10. Isafiri kwenye nyuzi 2 hadi 8, lakini kati yake na barafu tia kadibodi au taulo. Ikigusa barafu seli nyekundu hupasuka, na plazma hutoka ya waridi. Zungusha kwa 1,800 g, dakika 10. Hiyo g ni kipimo cha nguvu ya mzunguko, si idadi ya mizunguko: rota (sehemu ya mashine inayoshika tyubu) yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 inataka kama mizunguko 4,000 kwa dakika. Chota plazma ukiliacha lile tabaka jeupe la katikati, gawa mikrolita 500 kwa kila kichupa, kisha friza ya nyuzi -80. Vichupa viwe vya polipropilini, kwa sababu amiloidi hunata kwenye glasi na polistirini.

Kosa la kuogopwa hasa ni wagonjwa kutolewa damu kisiwani na wazima kutolewa Likoni. Hapo mtakuwa mmepima feri. Changanyeni makundi yote mawili kila kituo, na kila sahani ya vipimo (bamba la kupimia sampuli nyingi kwa pamoja).

Bi_Neva: Ongezeni kreatinini, kipimo cha kazi ya figo. Figo zikichoka, p-tau hupanda kwenye damu hata ubongo ukiwa salama, na wazee wengi hapa wana sukari na presha.

Kuhusu chanzo, hapana. Kupima mara moja hakuonyeshi kipi kilitangulia, na amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili. Hoja nzito ya chanzo imetoka kwenye jeni. Jeni ya APP, inayotoa protini ambayo amiloidi hukatwa kutoka kwayo, iko kwenye kromosomu ya 21. Wenye hali ya Down, waliozaliwa na kromosomu 21 ya ziada, wana nakala tatu, na wakifika miaka 40 karibu wote wana mabonge ya amiloidi ubongoni. Kinyume chake, mwaka 2012 watafiti wa Iceland walieleza badiliko la APP linalopunguza amiloidi na kumkinga mtu. Ila msiibebe APOE4 (aina ya jeni ya APOE inayoongeza hatari ya Alzheimer) kama ilivyo Ulaya: utafiti wa Ibadan, Nigeria, na Indianapolis, Marekani, ulikuta uhusiano wake na ugonjwa huu ni hafifu kwa Wayoruba. Kwa hiyo pimeni APOE za watu wenu wenyewe.

Mtafiti_Mtongwe: Shukran sana. Kliniki ya Likoni ina sentrifyuji, ila mashine yenyewe haina ubaridi.

Fundi_Plazma: Inatosha, izungusheni huko huko, plazma ndiyo ivuke. Msirundike tyubu mfululizo hadi mashine ichemke, na kila tyubu iandikwe saa ya kutolewa damu na saa ya kuzungushwa.