Tupeane uzoefu: imeili zinaingia ila kutuma zimegoma, kosa 535 kila saa

Mkaazi wa Chumbageni: Za jioni, ndugu zangu. Leo pale Ngamiani, Tanga, nimemkuta binti wa steshenari karibu alie. Imeili za wateja zinaingia, ila akituma anarudishiwa kosa 535, yaani jina au paswedi si sahihi. Ambaye yaliwahi kumkuta aseme alitokaje.

Pwani Raha: Yalinikuta. Sitaki hata kukumbuka.

Wakala Forodha: Ngoja niseme langu. Ijumaa, meli iko gatini, malori ya mteja yameshateremka kutoka Arusha, madereva wamelala chini ya matrela. Kilichobaki ni kumtumia wakala wa meli nyaraka ili atoe hati ya kuachia mzigo. Nabonyeza, 535. Na asubuhi ilituma! Naandika paswedi herufi kwa herufi, 535. Mteja anapiga, simu ya ofisi inaita, alasiri inaadhiniwa, na tozo ya kuhifadhi mzigo haisubiri mtu. Kumbe mchana ule bosi kule Dar alibadili paswedi ya akaunti kwa ajili ya usalama, wala hakutwambia. Gmail ukibadili paswedi kuu, zile paswedi za programu za herufi 16, ambazo Google hukupa uziweke kwenye programu ya barua badala ya paswedi kuu, zinafutika zote, na Outlook yetu, programu ya barua ya kompyuta, ilikuwa ikitumia hiyo. Alipotutajia mpya nayo ikakataliwa, maana tangu 30 Mei 2022 akaunti za kawaida za Gmail hazipokei paswedi kuu kwenye programu za namna ile. Mpaka alipoingia akatengeneza nyingine ya herufi 16 ndipo barua ikatoka. Wakala wa meli alishafunga. Mzigo ukalala hadi Jumatatu, na mteja yule hakurudi kwetu. Linaniuma mpaka leo.

Mama Raskazone: Pole sana mwanangu. Hiyo tozo alilipa nani?

Wakala Forodha: Shikamoo mama. Ofisi.

Pwani Raha: Angelipa bosi mwenyewe!

Kijana wa Mkwakwani: Turudi kwenye mada. Weka poti 25, ile namba ya mlango wa kutumia barua kwenye mipangilio, inapita.

Fundi Barabara ya 8: Usimpoteze mtu. 25 ni ya seva kwa seva, yaani kompyuta za barua zikipelekeana zenyewe, na mitandao mingi imeifunga. Programu ya mtumiaji inatumia 587 yenye STARTTLS, ile ya kuficha barua isisomwe njiani, au 465.

Kijana wa Mkwakwani: Kwangu ilipita, unabisha nini?

Fundi Barabara ya 8: Nabisha kwa sababu 535 ni seva imeshakujibu. Poti ikiwa mbovu hata hiyo 535 huioni. Binti aingie kwanza kwa kivinjari. Pakifunguka, paswedi anayo. Halafu kama programu yake ya barua ni Thunderbird, paswedi ya kutumia na ya kupokelea zimehifadhiwa mbalimbali. Afute ile ya kutumia, aandike upya.

Mama Raskazone: Mimi waliniambia nirekebishe saa ya kompyuta.

Fundi Barabara ya 8: Mama, saa ikipotea inalalamikiwa cheti cha usalama. Nayo ni shida, ila siyo hii.

Mwalimu wa Pangani: Sisi imeili ya shule yenye jina letu wenyewe inatoka vizuri, ila Gmail inairudisha na kosa 550 5.7.26. Paswedi tumebadilisha mpaka tumechoka.

Fundi Barabara ya 8: Mwalimu, paswedi iacheni. Hapo Gmail haijathibitisha kuwa barua imetoka kwenu kweli. Tangu Februari 2024 kila anayewatumia watu wa Gmail anatakiwa awe na SPF au DKIM, yaani alama za kuthibitisha kuwa barua ni yake. Mwambieni anayewatunzia jina la tovuti aziweke kwenye DNS, yaani kumbukumbu za jina hilo mtandaoni.