Huyu mwalimu wa Zipota (mateke ya Wabaski wa Pirenei) KANUSA KIATU CHANGU mbele ya watoto!

Wakuu, nimetoka mazoezini sasa hivi, hata kuoga sijaoga, mikono inatetemeka. Simtaji jina. Mnamjua. Yule wa kofia bapa ya Kibaski, anayetembea kama vile milima ya Pirenei kaipanga baba yake.

Leo kaalikwa klabuni kwetu hapa Bayonne, Ufaransa, eti aje atuonyeshe asili ya savate, mchezo wetu wa ngumi na mateke ya Kifaransa. Kaongea mpaka ndevu zikaniota upya. Eti Zipota ya wachunga kondoo wa Kibaski ni ya tangu na tangu, savate ni mtoto wake wa nje. Nikainua mkono kwa adabu zote: mwalimu, andiko la zamani liko wapi? Maana la savate tunalijua. Michel Casseux alifungua ukumbi wake Paris mwaka 1825, Charles Lecour akaja kuchanganya na ngumi za Kiingereza, na mwaka 1924 ikaonyeshwa Olimpiki palepale Paris.

Hakujibu. Akaja nilipokaa, akaokota kiatu changu, AKAKINUSA. Halafu akawageukia watoto: "Savate maana yake kiatu kikuukuu. Sasa nimeelewa kwa nini." Watoto wakacheka mpaka mmoja akaangukia begi la glovu.

Kiatu kile soli nimeibandika mwenyewe kwa gundi mara mbili, na penye kidole gumba pameshatoboka kwa kupiga fouetté, teke la kuzungusha kama mjeledi. Kwenye savate goti marufuku, ugoko marufuku, teke unapiga kwa kiatu tu. Kiatu ndiyo silaha yangu! Angenipiga teke ningemheshimu. Angenipinga kwa hoja ningenyamaza. Kanusa! Pua imekaa mle sekunde tano, nimehesabu, halafu kafumba na macho.

Kisigino33: Pole mkuu. Ila swali la msingi umelikwepa. Kilikuwa kinanuka?

Mama Wawili: Ni huyohuyo! Mume wangu alimwambia hata kapoera ya Brazili imetoka Pirenei. Mume wangu ni Mbrazili. Tulirudi nyumbani bila kuagana.

Mleta uzi: @Kisigino33 hakinuki. Mada siyo harufu, mada ni KUNUSA.

Kisigino33: Kwa hiyo kinanuka.

Bahari Kuu: Nyie wa Bayonne mnalilia kiatu, njooni Marseille. Huku kila mzee atakwambia mchezo wote umetoka kwa mabaharia wao wa chausson, yale mateke yao ya zamani, na ukibisha hununuliwi kahawa.

Ostiko: Teke kwa Kibaski ni ostiko. Siku tatu nimekaa kwenye semina yake, hilo neno sijalisikia hata mara moja. Muulizeni.

Mleta uzi: Na watoto wale kesho nawafundisha mimi!! Nitasimamaje mbele yao?

Kisigino33: Peku.

Dada Glovu Nyeupe: Bora wewe umenuswa kiatu. Klabu yetu tunalipa ada kamili na bafuni hakuna maji ya moto tangu Oktoba.

Bahari Kuu: Kwenu pia? Sisi tukiuliza tunaambiwa baridi inakaza misuli.

Mama Wawili: Ukumbi wetu Jumanne wanaupangisha kwa watu wa dansi, tunafanyia mazoezi kwenye ngazi.

Dada Glovu Nyeupe: Kwenye NGAZI?

Mama Wawili: Ghorofa ya pili.

Mgeni_Lyon: Samahani wakuu, kuna mtu anauza viatu vya savate namba 43?

Bahari Kuu: Ninavyo 42, vinatanuka. Njoo inboksi.