Dodoma hadi Guangzhou: njia ipi inakula muda mchache?

Mjasiriamali wa Nzuguni
Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Ninajiandaa kwenda Guangzhou, China, kwenye maonesho ya biashara ya Canton ya mwezi Oktoba, na ninaomba tulinganishe njia kwa muda wa safari nzima, si kwa nauli peke yake. Kwa mstari ulionyooka, Dar es Salaam hadi Guangzhou ni takribani kilomita 8,700. Kupitia Addis Ababa jumla hufika kama 9,800, na kupitia Doha kama 10,000. Je, ndege ya moja kwa moja ya Air Tanzania ina nafuu kubwa kwetu tunaoanzia Dodoma?

Msafiri wa Kizota
Nafuu ipo, ndugu yangu, ila haitokani na kilomita. Hizo 1,100 zinazoongezeka kwa kupitia Addis ni mwendo wa saa moja na robo hivi angani. Kinachokula muda ni kushuka, kukaguliwa upya na kuisubiri ndege ya pili, kwani subira hiyo inaweza kuwa ya saa mbili au ya usiku kucha, kutegemea ratiba. Ndege ya moja kwa moja hutumia takribani saa 11.

Jihadhari pia na saa zinazoandikwa kwenye tiketi, maana China iko mbele yetu kwa saa tano. Ukiruka Dar saa tano asubuhi ukakaa angani saa 11, huku nyumbani itakuwa saa nne usiku, lakini Guangzhou itakuwa tayari saa tisa usiku, na anayetoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika atadhani amesafiri saa 16. Wakati wa kurudi hesabu hiyo humdanganya kinyume chake: safari huonekana fupi, ilhali kwa kawaida ndiyo ndefu zaidi, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi.

Mama wa Chamwino
Msisahau kipande cha Dodoma hadi Dar. Ndege ni kama saa moja, treni ya haraka ya SGR haifiki saa nne, na basi ni kutwa nzima. Treni hukushusha katikati ya jiji, kisha unabaki na mabegi yako kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere kuelekea uwanja wa ndege.

Wakala wa Area C
Mama amegusa penyewe. Ndege ya Dodoma ikiwa kwenye tiketi moja na ya Guangzhou, ikichelewa, ni wajibu wa shirika kukutafutia nafasi nyingine. Ukija kwa treni, au ukinunua tiketi mbili mbalimbali, hasara ni yako. Kwa hiyo anayepanda treni namshauri alale Dar.

Mjasiriamali wa Nzuguni
Nawashukuru sana. Ndege ya moja kwa moja haiondoki kila siku, hivyo nitaanza na ratiba yake. Siku zikikubaliana na maonesho, nitakata tiketi moja kuanzia hapa Dodoma, na zisipokubaliana nitapitia Addis, mradi subira isizidi saa nne.