Naomba ushauri: translokesheni inawachanganya wanafunzi wangu

Habari zenu wakuu. Nipo Masasi, Mtwara, nafundisha Baiolojia kidato cha sita. Translokesheni ya mimea haikunisumbua: niliwapeleka chini ya mkorosho, nikawaeleza sukari inavyotengenezwa kwenye majani, ikapita kwenye floemu (mirija inayosafirisha chakula ndani ya mmea) hadi kwenye mizizi na korosho changa. Wakaelewa.

Tulipofika jenetiki ndipo pakawa pagumu. Neno ni lilelile, ila hapa kipande cha kromosomu (uzi unaobeba jeni ndani ya seli) kinakatika na kuungana na kromosomu nyingine, kama 9 na 22 zinavyobadilishana vipande kwenye aina mojawapo ya saratani ya damu. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, kwani kromosomu nayo ina floemu?" Swali zuri kabisa, nimelala nalo.

Nafikiria kukata kamba za rangi mbili niziunganishe mbele yao. Mliofundisha mada hii, mlitumia mfano gani?