Naomba ushauri: nitabeti vipi bila kupitiliza?

Tuktuk_Bamburi: Wadau salamu. Naendesha tuktuk Bamburi hadi Kongowea. Nabeti kidogo, mpira wa wikendi na ile ya ndege kwenye simu (Aviator), unatoa hela zako kabla ndege haijatokomea, ila siku hizi naanza na 50 nikishtukia nishaweka 2,000. Kuacha kabisa sitaki, nataka kubeti kwa mpango tu. Nyinyi mnajiwekeaje kikomo? Usingizi sina wallahi.

Baharia_Tudor: Achana na multibet za timu 15. Mimi kuna Jumamosi zote zilinijibu, moja ikanichoma dakika za majeruhi, mpaka leo roho yaniuma.

Ustadh_Majengo: Suratul Maida aya ya 90 haikusema kamari ya mpango, imesema jiepusheni nayo.

MamaSwabra: Mwanangu, mtu akibeti hela zake hakosi usingizi hivyo. Ni za nani?

Tuktuk_Bamburi: Zangu mama. Yaani nyingi ni zangu.

MamaSwabra: Na zisokuwa zako?

Tuktuk_Bamburi: Haya. Tuna chama hapa stejini, tuko 12, kila mtu 200 kwa siku, mwisho wa mwezi anabeba mmoja. Daftari na laini ya M-Pesa nashika mimi. Ijumaa ni zamu ya mzee mmoja, anataka kumlipia bintiye karo ya chuo. Inatakiwa 72,000, kwa laini mna 19,400. Lakini sikuiba, nilikopa nikijua narudisha, na kuna usiku nilifika 60,000 kabisa nikasema nisukume kidogo nimalize. Mpango ninao: shailoki, yule mkopeshaji wa mtaani, anachukua logbook (hati ya umiliki) ya tuktuk anipe 50,000, nusu nairudisha, nusu naicheza polepole. Ndo maana nikauliza kikomo.

Sista_wa_Zamu: Kaka, ndege haina polepole. Pale inapotokomea hupangwa na kompyuta kwa bahati nasibu kila raundi, iliyopita haihusiani na ijayo. Walioitengeneza wenyewe wanasema inarudisha wastani wa 97 kwa kila 100 inayowekwa, sasa wewe unazungusha zile zile usiku kucha, hiyo 3 inakukata kila raundi mpaka zinakwisha. Na huku kufukuza hasara, kubeti zaidi ili urudishe zilizokwenda, ndo dalili kubwa ya uraibu. Shirika la Afya Duniani limeiweka kamari kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa, pamoja na uraibu wa pombe, kwa hiyo usione haya kutafuta matibabu. Piga 1199, ni Msalaba Mwekundu, simu bure. Ama nenda Port Reitz, kitengo cha afya ya akili. Iandikie kampuni wakufungie akaunti, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, jitoe kwa *334#, na laini ya chama ashike mtu mwengine leo leo.

Kisauni_Macho: Ngojeni kwanza. Chama cha watu 12, laini anashika mmoja, mwenyekiti hajui kitu? Tena kuna mzee, kuna karo, kuna Ijumaa. Hii imetungwa. Sasa hivi atatuma namba tumchangie.

Baharia_Tudor: Hata mimi hiyo 19,400 imenitia shaka.

Mjukuu_wa_Likoni: Msiseme hivyo. Kwetu mjomba alishika laini ya chama peke yake miaka, kwa vile ni mtu wa swala. Zikaliwa za mazishi. Akahamia Malindi bila kuaga, wenye deni wakawa wanakuja kumkalia mkewe mlangoni. Stejini mtu huaminiwa, basi.

Tuktuk_Bamburi: Sijaomba shilingi ya mtu hapa. Mwenyekiti yuko ila macho yamemshinda, meseji za M-Pesa namsomea mimi. Akiniuliza salio namtajia lile linalotakikana, na yeye anaandika kwenye karatasi yake kwa herufi kubwa.

Kisauni_Macho: Mmh.

MamaSwabra: Mimi nakuamini. Leo msomee la kweli. Na logbook usimpe mtu, hiyo tuktuk ndo itakayowalipa.

Tuktuk_Bamburi: Logbook iko kwake tangu asubuhi mama. Pesa kasema jioni. Na mama nikimwambia mwenyekiti nafukuzwa stejini, wewe hujui watu wa hapa. Nikizipata Ijumaa kimya kimya hakuna atakayeumia.

Sista_wa_Zamu: Kama pesa hujashika bado hujakopa. Ifuate logbook sasa hivi, nenda na dereva mwenzio.

Tuktuk_Bamburi: Dereva yupi dada, wote ni wanachama.

Mjukuu_wa_Likoni: Niko Kongowea sokoni, nimekutumia inbox. Tunaanza kwa shailoki, halafu twende sote kwa mwenyekiti.