Mjadala: Kumrudisha msomaji pale alipoishia ni kazi ya brauza au ya JavaScript?

Wakuu, tujadili hili. Tovuti nyingi za huduma, ukifungua kitu katikati ya orodha ndefu kisha ukarudi nyuma, zinakutupa juu kabisa uanze kuskroli upya. Wapo wanaosema dawa ni kuongeza JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya brauza, ya kukumbuka msomaji alipofikia. Mimi nasema mara nyingi JavaScript hiyohiyo ndiyo iliyoharibu kitu kilichokuwa kizima.

Chukueni matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania): orodha ya shule ni HTML ya kawaida, yaani ukurasa unaofika kutoka kwenye seva ukiwa tayari na maandishi yote. Mzazi anashuka hadi shule ya mwanawe, anaifungua, anatazama jedwali, anarudi. Brauza yenyewe inamweka kwenye mstari uleule, hata kwenye simu ya bei poa.

Orodha ileile ukiijenga kwa JavaScript inayovuta data baada ya ukurasa kufunguka, mtu akirudi anaweza kukuta ukurasa mtupu. Brauza inataka kumshusha lakini hakuna pa kumshushia. Hapo developa anaweka `history.scrollRestoration` iwe `manual`, yaani anaizuia brauza isimrudishe msomaji yenyewe, kitu kilichoingia kwenye Chrome mwaka 2015, kisha anaanza kutunza mwenyewe namba ya pikseli ambako msomaji alifikia. Pikseli si za kutegemewa: geuza simu ilale, au picha ichelewe kufunguka, pikseli ya 2400 inaangukia mstari mwingine kabisa. Picha angalau zina dawa rahisi, ziandikiwe upana na urefu kwenye HTML ili nafasi yake itengwe mapema.

Kwenye fomu pia JavaScript si lazima. Mtu akihifadhi, seva imrudishe kwenye anwani inayoishia na namba ya shule, mfano `#S0101`, na mstari wa jedwali uwe na `id` (utambulisho) hiyo. Basi.

Mchangiaji: Mleta mada, alama ya # inapandisha mstari hadi juu ya skrini, kile kichwa cha tovuti kilichogandishwa kinaufunika. Na mtu aliyechuja orodha na kubonyeza "onyesha zaidi" mara kadhaa, utamrudishaje bila JavaScript?

Mleta mada: Kichwa kinachofunika ni suala la CSS, msimbo wa mwonekano wa ukurasa; `scroll-margin-top` inalimaliza. La kuchuja ni hoja nzito, nakubali, ila jibu langu ni anwani: kichujio na namba ya ukurasa vikae humo, `?mkoa=tanga&ukurasa=5`. Akirudi, anaikuta orodha ileile. Anaweza hata kumtumia mwenzake kiungo, jambo ambalo namba iliyofichwa kwenye `sessionStorage`, hifadhi ya muda ya brauza, haiwezi. Ukitaka kuongeza JavaScript juu ya hapo ili usogeaji uwe laini, ongeza, lakini ikishindwa kupakia kwa sababu mtandao umekatika nusu, huduma ibaki imesimama. Hizi ni tovuti za umma, na anayezitumia ananunua bando kwa pesa yake. Kumlazimisha apakue orodha upya kila anaporudi nyuma ni kumtoza mara mbili.

Waliojenga mifumo ya aina hii waje hapa watueleze: mlipoanza, hali ya ukurasa mliiweka kwenye anwani au kwenye msimbo, na kwa nini?